Karatasi ya Miraba

Mimi ndiye niliyeandika kwamba baba yangu anaona. Niliandika kwa wino, nikagonga muhuri wa hospitali, nikamkabidhi mtu aliyemleta, na karatasi hiyo ndiyo iliyomtoa baba katika mji wake. Nikisema hivi watu hudhani najilaumu ili nipewe pole. Pole zenu kaeni nazo. Nataka kueleza ilivyokuwa kwa sababu nimechoka kuisikia ikielezwa na watu ambao hata mlangoni hawakuwepo.

Nilizaliwa Mutsamudu. Kiswahili hiki nilikipata kwa bibi mzaa mama, aliyekaa Unguja nusu ya umri wake kisha akarudi kwetu na sanduku la nguo na ulimi mkali. Sanduku alirithi mama, ulimi nikarithi mimi. Baba alikuwa mtu wa Ikoni, mji wa kale ulio kusini kidogo ya Moroni, kisiwa kingine kabisa. Alikuja kwetu kijana, akapata ukarani bandarini, akamwoa mama. Visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia na nguo zake, na akitoka hutoka na nguo zake. Baba aliingia akakaa miaka ishirini.

Sasa, kwa watu wa Ngazidja, kisiwa hicho cha baba, mwanamume ambaye hajafanya ndoa kubwa katika mji wake ni mtoto hata akiwa na mvi. Hana mahali pake pa kukaa uwanjani, hana neno, na akifa anazikwa kama mtu aliyepita njia. Serikali ya vijana iliyotangulia ilikuwa imezipiga marufuku hizo mila, baba akawa ametulia kwa mama bila chaguo. Mwaka 1978 wakaja askari weupe wa kukodiwa, serikali ikapinduliwa, na mila zikarudi mbio, kila mji ukitaka harusi zake zote kwa mpigo. Ikoni walimkumbusha baba kwamba yuko binti anayemngoja. Alimwambia mama anakwenda mwezi mmoja tu, amalize shughuli, arudi. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilimbebea mkoba hadi bandarini, nikasimama mpaka meli ikapotea, mjinga mie. Miaka saba hakutuma hata salamu kwa mdomo wa baharia.

Katika miaka hiyo nilipelekwa Antananarivo kujifunza kupima macho, nikarudi nikawekwa hospitali ya Moroni. Daktari wa macho alikuwa mgeni anayepita mara moja kwa mwaka, akikumbuka. Siku nyingine zote nilikuwa peke yangu, na sikumjua mtu mwingine visiwani mwenye kazi ile. Nilipima walimu, wavuvi, mahakimu. Niliwapima hata wale weupe wa gadi ya rais, walioingia na bunduki zao wakakaa kwenye kiti changu bila kuambiwa karibu. Macho yao yalikuwa mazima yote. Wallahi nilitamani nikute kasoro.

Chumba changu kilikuwa kifupi mno kwa kipimo. Kiti cha mgonjwa niliweka ndani, na ubao nikautundika mwisho wa ujia, karibu na dirisha la dawa, mlango ukiwa wazi. Nikianza kupima nilipiga kelele watu wainame wakipita. Wazee wetu wengi wanasoma Kiarabu na herufi za Kifaransa hawana habari nazo, kwa hiyo nilitumia ubao wa herufi moja tu, E, kubwa juu na ndogo chini, nyingine zimegeuzwa kulia, nyingine kushoto, juu, chini. Hakuna mgonjwa aliyeziita E. Waliziita machanuo. Kwa hiyo na mimi niliuliza: meno ya chanuo yanaelekea wapi? Mgonjwa ananionyesha kwa vidole vitatu, na tunashuka mstari kwa mstari mpaka pale anapokwama.

Ubao wa machanuo unakuambia mtu anaona kitu kidogo kiasi gani. Haukuambii anakionea sehemu gani ya jicho. Na yako maradhi ya uzeeni yanayokula katikati ya retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha, pembeni pakabaki pazima. Mwenye maradhi hayo anatembea bila fimbo. Anamwona mbuzi akipita ubavuni, anaokota sindano miguuni pake. Ila kile anachokitazama moja kwa moja, hicho ndicho kisichokuwepo. Akikuelekezea macho anaona masikio yako na mabega yako, uso hauko. Dawa yake hatukuwa nayo. Tulikuwa na kipimo tu, karatasi nyeusi yenye miraba ya mistari myeupe na nukta katikati. Unaziba jicho moja, unatazama nukta, unasema miraba yote ipo au kuna mahali mistari imepinda au imefutika. Karatasi hiyo nilikuwa nayo moja, ndani ya droo ya mkono wa kulia.

Basi asubuhi moja akaingia mwanamume wa makamo, kavaa joho zuri, muuza vitambaa wa soko la Volo Volo. Alisema yeye ni mjumbe wa wakubwa wa Ikoni na amemleta mtu wao apimwe, kwa sababu kuna kesi. Nikamwambia hapa ni hospitali, kesi zina mahali pake. Akasema kwa adabu kwamba ndiyo, ila kesi hii iko ndani ya macho.

Akanisimulia. Ikoni wana uwanja wao, bangwe wanauita, wenye mabaraza ya mawe, na kila mtu ana mahali pake kwa heshima yake. Anayepita lazima asalimu kwa mpango, aanze na mkubwa ashuke. Mzee huyu, siku ya Ijumaa baada ya sala, alimpita mkubwa wa mji mzima bila neno, akaenda kumpa mkono barobaro asiyekuwa hata na mke. Wakadhani amesahau. Ijumaa ya pili akafanya vilevile. Na papo hapo tasbihi ya mtu mmoja ikakatika, punje zikaanguka, mzee akainama akaokota moja iliyokuwa kando ya mguu wake akairudisha kwa mwenyewe. Punje ya tasbihi anaiona, mkubwa wa mji hamwoni! Wakamwambia aombe radhi mbele ya watu na atoe ng'ombe. Akakataa. Alisema hakumtusi mtu, macho yake ndiyo mabovu, na akiomba radhi atakuwa amekiri uongo. Wakasema haya, tangu hawa askari weupe waje kila jambo ni karatasi na muhuri, basi na hili lende kwenye karatasi na muhuri. Karatasi ikisema haoni, yamekwisha. Ikisema anaona, mji unamkatia salamu.

Kukatiwa salamu kule si mchezo. Hakuna anayekujibu, hakuna anayekula nawe, kwako haingii mtu, si kwa harusi wala kwa msiba.

Kisha mjumbe akatoka ujiani, akamshika mkono mzee, akamwingiza. Alikuwa baba yangu.

Alikuwa amekonda, na kanzu yake ilikuwa safi mno, ya mtu anayefuliwa na mwanamke mwenye wivu wa jina lake. Alinielekezea uso. Kazi yangu iliyajua macho yale kabla sijakaa: aliyaweka kidogo juu ya bega langu, kama kuku anavyogeuza kichwa kuitazama punje. Nisijifanye mjinga. Nilijua pale pale kwamba baba ana ugonjwa wa katikati.

Nikakutanisha viganja, nikasema "kwezi", salamu ya mdogo kwa mkubwa. Akajibu "mbona", jibu analopewa mtu yeyote barabarani. Nikajisemea, sawa, uso hauoni, lakini masikio anayo. Nikaanza kuongea. Niliongea Kindzuani kitupu, cha Mutsamudu, cha uani kwetu, nikamuuliza anaishi wapi, maradhi yalianza lini, amelala vipi. Maneno mengine hayakuhitajika kwa kazi. Nilikuwa namwekea sauti yangu mbele yake aichukue. Alijibu kwa heshima, kwa Kingazidja, kama anamjibu karani wa posta.

Mjumbe naye alikuwa na masikio. Akauliza, "Mnajuana?"

Baba akawahi. "Nitamjuaje, na uso wake siuoni?"

Mjumbe akanigeukia mimi. Nikasema wagonjwa ni wengi.

Damu yangu ilichemka. Miaka kumi na minane nilimwita baba, nilimchekea, niliimba mbele yake, nilimlilia bandarini, na sauti yangu haikumkaa hata kidogo. Nilimtaka aseme neno moja tu, mwanangu, hata kwa kunong'ona. Nikaona haniiti, nikasema moyoni: vyema, mzee wangu, tupime.

Nikampima kwa machanuo. Sheria ya kipimo ni kichwa kinyooke, na mpimaji anakishika kikianza kupinda. Sikukishika. Baba aligeuza uso kuelekea ukutani, akatafuta kwa pembe ya jicho, akainua vidole vitatu. Kulia. Juu. Kushoto. Alichelewa, alitoka jasho, alikosea hapa na pale, lakini alishuka mstari wa tano. Alikuwa akinionyesha juhudi zake zote, maskini, kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya mbele ya mpimaji, hata wale ambao kushinda kunawaangamiza. Kila alipopatia nilisema vizuri. Nilisema vizuri mara nyingi sana.

Droo ya kulia ilikuwa karibu na goti langu. Ningeivuta, dakika tano zingetosha. Sikuivuta. Niliandika kwamba mzee huyu anasoma ubao hadi mstari wa tano kwa macho yote mawili, na kwamba anaona. Kila neno lilikuwa kweli. Hilo ndilo nililojivunia, kwamba hakuna neno la uongo hata moja. Nikagonga muhuri.

Karatasi ikasomwa, baba akisikiliza. Aliinua uso, akaushusha, akatafuta mlango kwa mkono.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Ikoni kutazama nilichofanya. Ndiyo, nilikwenda kwa makusudi. Nilipanda teksi ya watu watano, tukasimamishwa kwenye kizuizi cha askari wa gadi, tukapekuliwa vikapu, tukapita. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Nilisimama kwenye kivuli cha ukuta, buibui langu usoni, kama mwanamke anayemngoja mwenziwe.

Baba alipita uwanjani. Wakubwa walikuwa hawajafika bado, na kwenye baraza la mawe, mahali pa heshima kabisa, walikuwa wamejipanga barobaro watano, wamejitupia majoho ya baba zao mabegani. Walikuwa wamekaa wima, wamebana midomo. Baba aliona mabega na majoho. Akasimama. Akaanza na wa kwanza, akamsalimu kwa cheo kikubwa cha mji, akainama. Hakujibiwa. Akaenda kwa wa pili, akainama. Alidhani wakubwa wamemnyamazia, na alikuwa ameamua kuwasalimu tu, Ijumaa kwa Ijumaa, mpaka mmoja achoke amjibu. Alifika wa tano. Yule wa tano ndiye aliyeshindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani, wote wakaangua.

Baba alisimama pale akisikiliza kicheko. Aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta kuwaona. Kisha akajipangusa kanzu, ambayo haikuwa na kitu, akaenda zake.

Sikuwafukuza wale barobaro. Ningeweza; mimi ni mkubwa kwao, na mdomo wangu unajulikana. Nilipanda teksi nikarudi kazini.

Mwisho wa mwezi nikasikia ametoka. Mdogo wa yule mke wa Ikoni alikuwa na ndoa kubwa inakuja, na hakuna mtu wa mji angekanyaga nyumba ambayo ndani yake anakula aliyekatiwa salamu. Shemeji zake walimwambia kwa upole, kila mtu aliniambia ilikuwa kwa upole, kwamba afunge nguo zake. Nyumba ni ya mwanamke. Alifunga nguo zake. Akashuka Moroni, akapanda meli ya Mutsamudu, akatembea kutoka bandarini hadi kwa mama bila kushikwa mkono. Vichochoro vya kwetu alivijua kwa miguu.

Mama alinitumia ujumbe kwa abiria: baba yako yuko hapa, amejimwagia uji wa moto pajani, njoo umtazame macho.

Nikachukua likizo. Kabla ya kuondoka nilivuta droo ya kulia.

Nilimkuta uani, kwenye mkeka, paja limepakwa asali. Mama alikuwa pembeni anachambua mchele. Hakuwa na furaha wala hasira. Alimpokea kama mzigo ulioshushwa bandari isiyo yake, ambao mtu lazima auondoe njiani. Nilisema kwezi. Baba akajibu mbona, kisha akasema, "Karibu, mwanangu."

Sasa, nikawaza. Sasa ndiyo unaniita.

Nilimkalisha kwenye mwanga, nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja chake mwenyewe, nikashika karatasi ya miraba mbele yake, nikamwambia atazame nukta katikati. Akaniuliza nukta gani. Nikamwambia basi aelekeze jicho katikati ya weusi, asiliondoe, na asigeuze kichwa. Mara hii nilikishika kichwa. Nikachukua kalamu nyeupe, nikaanza kuisogeza kutoka ukingoni kuingia ndani, na kumwambia aseme inapopotea. Hapo, akasema. Nikaweka alama. Nikaja kutoka upande mwingine. Hapo. Nikazunguka hivyo pande zote, jicho la kulia, kisha la kushoto, na alama zikajifunga zikawa duara bovu lililokula karibu miraba yote. Nikapiga hesabu ya umbali tuliokaa, uso kwa uso. Lile tundu lilinimeza uso wote, kuanzia ukaya wa kichwani hadi kidevu.

Nikamweleza, polepole, kama ninavyowaeleza wote. Katikati kumekufa. Hakutarudi. Pembeni kutabaki, hatakuwa kipofu wa kushikwa mkono. Nyuso hataziona tena.

"Siku ile hukunipima hivi," akasema.

Nikasema kweli, sikumpima hivi.

"Karatasi hii ulikuwa nayo?"

"Ilikuwa kwenye droo."

Mama aliacha kuchambua mchele. Nilisikia vidole vyake vimesimama. Nikaona nimalize, maana nusu yake ingekuwa mbaya zaidi. Nikamwambia kwamba niliongea naye kwa sauti hii hii, kwa maneno ya ua huu huu, na yeye hakuijua sauti ya mwanawe. Nikamwambia nilikasirika. Nikamwambia nilimwacha apite kwa machanuo nikijua, nikaandika nikijua.

Alinigeuzia uso kwa pembeni. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Nilikujua uliposema kwezi. Nilimshukuru Mungu. Nilisema, leo ninapimwa na mwanangu, hawezi kunidhulumu. Lakini yule mtu alikuwa amekaa pale. Mtoto hamshuhudii mzazi wake kwa faida yake, kadhi yeyote atakuambia. Ningekuita mwanangu, karatasi yako isingefaa kitu. Kwa hiyo nikanyamaza, ili ifae."

Nilimchukia, nasema kweli, nilimchukia zaidi kuliko alipokuwa mkosaji mtupu, kwa sababu alikuwa ameniamini bila kuniuliza. Nikamrukia na jambo jingine. Nikamuuliza, na miaka saba? Miaka saba ulinyamaza ili nini kifae? Akapapasa mkeka, akageuza uso ukutani.

Mama ndiye aliyesema. Alisema niandike karatasi nyingine, ya kweli. "Akipata karatasi yake atarudi kwao," akasema. "Mimi sikumwita, wala sitamfunga kamba." Akaendelea na mchele.

Nikaandika. Nilichora lile tundu vizuri, nikaeleza kwa Kifaransa na kwa herufi za Kiarabu kwamba kipimo cha kwanza kilipima pembeni ya macho na hiki kinapima katikati, na kwamba mtu huyu hawezi kumtambua mtu kwa uso hata akiwa hatua mbili. Baba akaniagiza jambo moja. Nikiulizwa, niseme sisi si ndugu. Nikamwambia sawa. Njia nzima melini nilijifunza ule uongo. Ni mgonjwa wangu. Nilikuwa Mutsamudu kwa kazi, wakaniletea. Wagonjwa ni wengi. Nilikuwa tayari kuapa, na mimi siapi ovyo.

Mjumbe nilimkuta Volo Volo kwenye meza yake, katikati ya majora ya vitambaa, wanawake wanne wakivutana naye juu ya rangi. Aliwaomba wasubiri, akanipa kigoda. Alivaa miwani, akaisoma karatasi yote, juu hadi chini, na mchoro akaugeuza huku na huku. Akauliza maswali ya akili. Mtu wa hivi anaweza kuokota punje ya tasbihi? Nikasema anaweza, ikiwa kando. Anaweza kumkosa mkubwa wa mji aliye mbele yake? Nikasema huyo ndiye wa kwanza kumkosa. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nilimwona ameamini, na moyo wangu ukaanza kupumua.

Kisha akaikunja karatasi mara mbili, akaniwekea kwenye mapaja.

"Mzee anakaa Mutsamudu kwa mama yako," akasema. "Tulipata habari wiki iliyopita. Siku ile nilikuuliza kama mnajuana, mwanangu. Ungesema, tungetafuta mtu mwingine, hata tukangoja daktari mgeni."

Uongo wangu wote ulikuwa mdomoni na haukuwa na pa kwenda. Nikamwambia basi wamngoje huyo daktari sasa, apime upya. Akasema wakubwa hawaifungui kesi ambayo ina ushahidi tayari. Nikasema ushahidi gani, ule wa kwanza niliuandika mimi, na mimi ni mwanawe, kama huu haufai ule nao haufai.

Akavua miwani. Alinihurumia, hilo sina shaka nalo.

"Huu ni wa kumtetea. Wa mtoto kumtetea baba haupokewi. Ule ulikuwa dhidi yake, na wa mtoto dhidi ya baba unapokewa. Na ni mzito kuliko wa mtu baki. Tulipojua kwamba ni binti yake mwenyewe aliyeandika vile, hakuna aliyebaki na shaka. Walikusifu sana uwanjani. Walisema mwanamke yule amelelewa vizuri."

Akawaita wale wanawake waendelee. Nilipoinuka alinikatia kitambaa cha gauni, kizuri, akasema ni heshima ndogo kutoka kwa mji. Nikakipokea. Nilikuwa nusu ya njia ya hospitali nilipojiona nimekibeba kwapani.

Nilirudi Mutsamudu sikukuu ya Idi. Baba alikuwa anakunywa chai uani, mama yuko jikoni. Aliuliza wamesemaje. Nikamwambia wazi kwamba ile ya kwanza imepokewa na hii ya pili imekataliwa, na sababu yake nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Chai ilipoa mkononi mwake. Alijua maana yake kuliko mimi: Ikoni kulikuwa kumekwisha, uwanja, mahali pake kwenye jiwe, watu wa kumbeba siku ya mwisho, vyote.

"Na wewe walikuambia nini?" akauliza.

"Walinisifu. Walisema nimelelewa vizuri."

"Hukuwaambia kwamba aliyekulea ni mama yako, na mimi niliondoka?"

Nikasema sikuwaambia.

"Ungewaambia," akasema. "Hilo ni dhidi yangu, lingepokewa."